Ngazi Iliyong'arishwa

Nyumbani kwa kina Marietha, nyuma ya soko la vinyago la Mwenge, asubuhi ilianza na miguu kwenye ngazi. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, hatua kumi na mbili, kisha kimya. Bibi alilala chini, katika kichumba kilichopakana na ngazi hiyo, na alimjua kila mtu kwa mshindo wake. Baba, mzee Leonardi, alishuka taratibu kama mtu anayehesabu. Mama alishuka huku ndala zikimpiga visigino. Marietha alikuwa wa mwisho, sare imenyooshwa, mkono mmoja kwenye kishikio.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo umechelewa, nimekusikia."

Sasa, ngazi yenyewe haikuwa kama hizi mnazozijua. Kiwanja chao kilikuwa kidogo sana. Chini palitosha sebule, jiko na kichumba cha Bibi, basi. Ili kupata vyumba vya kulala juu ilihitajika ngazi, na ngazi ya kawaida ingekimeza kichumba cha Bibi chote. Babu Kasimiri, mchonga vinyago aliyetoka Masasi akiwa kijana na kuzeekea pale Mwenge, alilifikiria jambo hilo kwa siku kadhaa. Mwisho akasema, mtu anapopanda, kila kipandio hukikanyaga kwa mguu mmoja tu. Nusu ya pili ni ya nini? Akaikata. Kipandio cha kwanza akakiacha upande wa kulia, cha pili upande wa kushoto, cha tatu kulia tena, vikapishana hivyo mpaka juu. Goti likapata pa kupita, ngazi ikasimama wima kuliko ngazi nyingine, na yote ikaenea mahali pa kuweka kabati.

Marietha alikuwa na miaka mitano Babu alipomfundisha kuipanda. Babu alikaa kwenye kigoda pale chini, vumbi la mpingo kwenye nyusi, akimwimbisha: kupanda ni kulia, kushuka ni kulia, mkono usiachie, mtu mmoja mmoja. Mzigo ulikuwa na njia yake, kapu lililofungwa kamba na kuvutwa kupitia dirisha la juu. Mtoto akikosea mguu, Babu hakumkaripia. Alimwambia arudi chini aanze upya, wakati mwingine mara sita, na kila mara alimsubiri kama mtu asiye na pengine pa kwenda. Ni miaka miwili sasa tangu Babu afariki, na Marietha alikuwa bado anaimba kimoyomoyo kila alipoweka mguu wa kulia.

Yalianza siku ya Jumamosi. Kesho yake ingesomwa misa ya kumkumbuka Babu, na ndugu wangekuja kula chakula cha mchana. Yasmini, jirani na rafiki wa Marietha, alikuja kusaidia kuchambua mchele. Alipomaliza akaitazama ngazi, akacheka. Akasema ni ngazi ya bata, maana mtu akiipanda anayumba kushoto na kulia.

"Halafu mbona ina makovu hivi?" akauliza huku akipapasa kipandio. "Vinyago vya babu yako vilikuwaga vinang'aa kama kioo. Hii naona alichoka njiani."

Marietha alijitia kucheka, lakini neno lile lilimchoma. Ni kweli vipandio vilikuwa na alama za patasi, mistari midogo midogo iliyokwenda kingamo, ikikatiza njia ya mguu. Ndugu wote wangekuja kesho, nao waone kwamba Babu aliacha kazi nusu? Yasmini alipoondoka, Marietha akafungua sanduku la vifaa vya Babu. Alikumbuka vizuri jinsi Babu alivyomalizia vinyago vyake. Alivipaka dawa ya viatu, akavisugua kwa kitambaa mpaka vikawaka. Kopo lilikuwamo bado, na dawa haikuwa imekauka yote. Mama alikuwa sokoni, Baba kazini. Marietha akapaka vipandio vyote kumi na viwili, akaziba mistari, akasugua mpaka mkono ukauma. Aliporudi nyuma kutazama aliona fahari, akajiona naye ni mchonga vinyago.

Jioni ile walipanda na kushuka bila tatizo, maana wote walikuwa peku au wamevaa ndala za mpira. Mama alisema tu kwamba ngazi imependeza, akadhani imefutwa vumbi.

Jumapili, baada ya misa, Shangazi Yustina alifika kutoka Pugu. Yeye ni dada mkubwa wa baba yake Marietha, na ngazi ile anaijua tangu ilipojengwa. Alivua viatu mlangoni, akabaki na soksi nyembamba za nailoni, akapanda kwenda kuweka mkoba wake. Wakati wa kushuka alianza na kulia, mkono kwenye kishikio, kama alivyofundishwa. Kwenye kipandio cha tatu kutoka juu mguu uliteleza. Mkono kwenye kishikio ndio uliomwokoa asitangulize kichwa, lakini aliangukia kiganja, na walipotoka hospitali jioni kifundo cha mkono wake kilikuwa kimefungwa plasta.

Baba hakupandisha sauti. Alisema kwamba tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na ngazi hii, ila alimheshimu mzee. Sasa imemvunja dada yake, kesho itamvunja mtoto. Ing'olewe, iwekwe ya chuma ya kawaida.

Marietha alikuwa amesimama nyuma ya pazia la jikoni. Alisikia kila neno, akageukia sufuria, akaendelea kuosha.

Jumatatu alikuja Twalib, fundi wa kuchomelea. Alipima urefu, akapima chini, akajikuna kichwa. Akaeleza kwamba ngazi ya kawaida lazima ipite kwenye kichumba cha Bibi, hakuna ujanja mwingine. Baba alimwambia apime tena, jibu likawa lilelile. Mwisho ikaamuliwa kwamba Bibi ataenda kuishi Pugu kwa Shangazi, na fundi aanze Jumatano.

Jumanne Marietha alirudi shuleni akamkuta Bibi amekaa kitandani, begi wazi miguuni, anakunja kanga. Hakuonyesha kinyongo. Marietha akakaa, akashika ncha za kanga, wakakunja pamoja. Kila kanga ilikuwa na habari yake. Hii Babu aliinunua alipouza kinyago cha kwanza kwa mgeni. Hii alimfunikia walipolala sakafuni, kabla ya kupata kitanda.

"Unajua, mjukuu wangu," Bibi akasema, "tangu Jumamosi namsikia babu yako humu ndani. Harufu ya ile dawa yake ya viatu. Nafungua macho asubuhi naona kama amerudi kazini. Nikasema moyoni, labda amekuja kuniaga, kwa kuwa nahama."

Marietha aliiachia ile kanga. Machozi yalikuja kabla ya maneno.

"Bibi, si Babu. Ni mie. Nilipaka ngazi."

Alisema yote: Yasmini, kopo, kitambaa, pazia la jikoni. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikunjamana kidogo aliposikia kwamba harufu ilikuwa dawa tu, akatazama ukutani, kisha akamrudia mjukuu wake.

"Mie si wa kuambiwa peke yangu. Baba yako akirudi, utamwambia mwenyewe. Nitakuwa karibu."

Baba aliporudi, Marietha alimwamkia, akamwambia akiwa amesimama wima. Baba alikwenda kwenye ngazi, akapitisha kidole juu ya kipandio cha tatu kutoka juu, akakitazama. Kidole kilikuwa cheusi.

"Siku tatu ninailaumu ngazi," akasema. "Na wewe siku tatu unanitazama ninailaumu."

"Niliogopa, Baba."

"Najua. Bibi yako alikuwa anafunga mizigo kwa sababu ya woga wako."

Hapo Marietha alilia kweli. Baba akampa simu, akamwambia ampigie Shangazi. Shangazi akauliza kama ina maana mkono wake umevunjika kwa ajili ya urembo. Marietha akajibu ndiyo, Shangazi, nisamehe. Shangazi akasema amesamehe, ila Marietha atamfulia nguo mwezi mzima, mpaka plasta itolewe, na yeye soksi zile za nailoni hatazivaa tena kwenye ngazi yoyote duniani.

Fundi Twalib aliambiwa asije. Jumamosi iliyofuata, kutwa nzima, Marietha alisugua vipandio kwa maji ya moto, sabuni na brashi, kisha kwa msasa. Yasmini alikuja, akasikia habari, akachukua brashi ya pili bila kuambiwa. Kidogo kidogo mistari ya patasi ikaonekana tena. Palipojaa sana Baba alipapitisha patasi, huku Bibi akimwelekeza kutoka kwenye kiti chake: kingamo, Leonardi, si kwa urefu.

Walipomaliza, Bibi aliwaita wasichana wawili, akawaambia waweke viganja juu ya kipandio.

"Mnasikia kinavyokwaruza? Babu yenu hakuchoka njiani. Kinyago alikisugua kikawaka, maana kinyago kinatazamwa. Ngazi aliiacha na makovu kwa sababu inakanyagwa, na mguu wa mtu unataka kushikwa. Kabla hujakirembesha kitu, uliza kazi yake. Na ukishaharibu, sema siku hiyohiyo, wangu, maana ukinyamaza atabebeshwa mwingine. Safari hii ilibebeshwa kazi ya marehemu, ambaye hana mdomo wa kujitetea."

Kisha akaomba begi lake lifunguliwe, kanga zirudishwe kabatini.