Nipo, Mama

Asubuhi hiyo darasani waliketi wasichana arobaini na wanne, na sauti zilizoitika zilikuwa arobaini na tano.

Sista alizihesabu tiki mara mbili kwa ncha ya kalamu. Alikuwa amefundisha hisabati miaka ishirini na sita katika chuo kile cha ualimu cha wanawake, na hesabu haikuwa imempiga chenga hata siku moja. Wanafunzi walimwita Sista Rula kwa sababu ya rula ya mbao ya mita moja aliyotembea nayo kama wengine wanavyotembea na mwavuli. Alijua wanamwita hivyo. Alijifanya hajui.

Chuoni hapo mahudhurio yaliitwa kwa namba. Kila msichana alipewa namba yake siku ya kuingia, akaishona kwa uzi mweusi kwenye ukosi wa sare, ikaandikwa kwa rangi kwenye mgongo wa kiti chake, kwenye sahani yake na kwenye kitanda chake. Mwalimu hutaja namba, mwenyewe hujibu, "Nipo, Sista," basi, inayofuata. Kazi yote ni dakika tatu.

Muhula ule ilichukua zaidi, kwa sababu alipofika thelathini na moja Sista aliita, akanyamaza, akasubiri.

Namba thelathini na moja alikuwa amekufa.

Alikuwa mtoto wa marehemu dada wa Sista. Sista alimlea katika kituo cha watoto cha shirika lao tangu akiwa na miaka mitano, na mtoto akamwita Mama. Alipopata nafasi chuoni, Sista alimkalisha chini.

"Darasani mimi ni Sista kama kwa wenzako. Sitaki mtu aseme napendelea wa kwetu."

"Na tukiwa wawili?"

"Tukiwa wawili, sawa. Ila darasani ukiniita mama, utafagia uwanja mpaka ujute kuzaliwa."

Msichana alicheka, na kwa miaka miwili ulimi wake haukuteleza hata mara moja.

Kisha, wiki ya mitihani, alisema kichwa kinamuuma. Sista alimgusa shingoni kwa kiganja, akamwambia ni homa tu, amalize kwanza karatasi ya hisabati ndipo aende zahanati. Akaimaliza. Siku ya tatu walimzika. Karatasi iliposahihishwa alikuwa amepata tisini na moja.

Chuo kilikuwa na utaratibu wake kwa msiba wa namna hiyo. Mwalimu huita namba ya marehemu kwa mara ya mwisho, hujibu mwenyewe mbele ya darasa, "Hayupo," hupiga mstari wa wino mwekundu, darasa husema, "Apumzike kwa amani," na kiti hupelekwa stoo. Sista aliwahi kufanya hivyo mara nne kwa watoto wa watu. Safari hii neno lilimkwama. Kila asubuhi aliita, akasubiri kwa muda wa pumzi mbili, akaendelea na thelathini na mbili. Kiti kikabaki mahali pake, safu ya nne karibu na dirisha. Wasichana waliinamisha vichwa wakidhani ni sala, na pengine hata yeye alidhani hivyo.

Asubuhi ya arobaini ndipo kitu kikaitika.

"Nipo, Mama."

Haikuwa sauti kubwa. Ilitoka usawa wa kiti kitupu, nayo ilikuwa ya yule binti, na ule mkwaruzo wake mdogo wa asubuhi. Namba thelathini na mbili, rafiki yake wa chanda na pete, ambaye wenzake walimwita Kicheko, aligeuza shingo polepole akakitazama kile kiti. Hakucheka.

Na Sista, mwanamke mwenye imani na mwenye akili zake timamu, aliinamisha kalamu akaweka tiki.

Kuanzia siku hiyo aliwahi darasani kuliko mwanafunzi yeyote. Alikaa na daftari mapajani kama msichana anayesubiri barua. Chumba kilianza kunuka udongo uliochimbuliwa, harufu ile inayoingia puani watu wakiwa wamesimama kaburini, na kuta zilipooshwa kwa sabuni ikazidi. Siku ya tatu msichana mmoja alikisogeza kiti ili apite na ndoo yake. Kiti kilisogea, kikatulia, halafu kikamrudia kwa nguvu, mgongo wake ukampiga mdomoni na meno mawili yakaanguka sakafuni. Siku ya tano bikari ilitoka yenyewe kwenye sanduku la vifaa, ikachoma kiganja cha msichana wa safu ya tatu mpaka ikatokea upande wa pili, ikabaki imesimama juu ya meza na mkono ukiwa umeshonwa hapo, naye akautazama kwa muda kabla ya kuelewa kwamba anapaswa kulia.

Jioni hiyo Kicheko alimfuata Sista ofisini.

"Sista, naomba usiite ile namba kesho."

"Ile namba ina mwenyewe."

"Mwenyewe tulimzika. Mimi ndiye niliyemsuka nywele akiwa amelala pale, Sista, wewe ulikuwa umeshika kitana." Alivuta kamasi. "Anayeitika si yeye."

"Umejuaje?"

"Ananinusa."

Sista aliweka kalamu chini.

"Kila ukimwita anasogea," Kicheko alisema, sauti ikishuka. "Mwanzo alikuwa kwenye kiti chake. Leo alikuwa kwenye nusu ya changu. Ana baridi. Ananinusa hapa, nyuma ya sikio, kama mtu anayechagua nyama buchani."

"Nitakuhamisha kiti."

"Nilishahama jana. Nilikaa mbele kabisa. Akaja."

Sista alimbariki, akampa rozari yake ya mfukoni, akamwambia akalale. Usiku ule alipiga magoti muda mrefu akimwomba Mungu amnyime hamu ya kuisikia tena ile sauti. Lakini aliomba hivyo huku akihesabu saa zilizobaki hadi asubuhi, na Mungu hadanganywi.

Asubuhi aliita. Ishirini na tisa. Thelathini. Kicheko alikuwa ameinama, ameshika rozari kwa mikono miwili, akitikisa kichwa: hapana, hapana. Sista alimwona. Alimwona vizuri kabisa.

"Thelathini na moja," akasema.

"Nipo, Mama," akaitika Kicheko.

Rozari ilikatika na shanga zikatawanyika chini ya viti. Kicheko alisimama kama mtu anayevutwa kwa nywele, akaushika ukosi wa sare yake, akaing'oa namba yake pamoja na ngozi iliyokuwa chini yake, kisha akaupigiza uso wake mezani, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, bila kulia, kwa utaratibu wa mtu anayepigilia msumari, na kila alipoinuka alikuwa anatabasamu kwa meno machache zaidi. Wasichana walikimbilia mlangoni wakakanyagana. Aliyekuwa wa mwisho alishikwa mguu, akaburutwa nyuma hadi safu ya nne akikwaruza saruji kwa kucha, akatupwa dirishani, na kioo na fremu vikaenda naye nje. Sista alikimbilia kati na rula yake akidhani atamshika Kicheko mikono, lakini kile kitu kiliichukua rula kama unavyomnyang'anya mtoto kijiti, kikampiga nayo begani hadi ikavunjika vipande viwili, na mfupa wa bega pia ukavunjika, na wote wawili wakasikia ni kipi kilitangulia kuvunjika.

Padri alifika mbio kutoka kanisani jirani, stola ikiwa shingoni na maji ya baraka mkononi. Nyuma yake alikuja mpishi wa chuo, mama wa makamo mwenye aproni iliyolowa, ambaye alifunga mlango akauegemea kwa mgongo ili wasichana wasirudi kuchungulia. Padri aliamuru mara tatu kwa jina la Mungu. Kile kitu kilimsikiliza kwa heshima, kichwa kimeinama upande, kisha kikaushika mkono wake ulioinuliwa, kikaukunja kinyume cha kiwiko.

"Mzee huyu ananifukuza," kikasema kwa kinywa cha Kicheko, damu ikichuruzika kidevuni. "Mimi sikuvamia nyumba ya mtu. Niliitwa. Asubuhi arobaini niliitwa kwa sauti ya mapenzi. Nimezunguka mahali pakavu miaka ambayo hamwezi kuihesabu, na hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Mama akaniandika. Nina tiki."

Padri alikuwa amekaa chini, amekumbatia mkono wake, jasho likimtoka.

"Sista," alisema mpishi kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. "Padri hawezi kumtoa mtu aliyekaribishwa na mwenye nyumba. Maliza kile ulichokiacha. Au unataka tukamzike na huyu?"

Sista alitambaa hadi kwenye daftari lake. Lilikuwa chini ya meza, limefunguka. Kalamu nyekundu ilikuwa imeviringika mbali, haionekani. Akaweka mkono wa kulia juu ya ukurasa.

Kile kitu kikapiga magoti mbele yake. Sauti ikawa laini.

"Mama, usinifute." Macho ya Kicheko yalijaa machozi. "Niliimaliza ile karatasi, Mama, kama ulivyoniambia. Kichwa kiliniuma sana lakini niliimaliza. Nilipata ngapi?"

Swali hilo lilimvunja Sista mahali ambapo rula haikufika. Alifungua kinywa. Tisini na moja ilikuwa tayari kwenye ulimi, amekuwa nayo miezi miwili bila mtu wa kumwambia, na alijua akiitamka atakuwa na mwanawe kila asubuhi mpaka afe, na kwamba mtoto wa mwanamke mwingine, aliyepiga magoti pale na uso uliopasuka, hatarudi tena kwao.

"Hapa tuko wapi?" akauliza badala yake.

"Darasani, Mama."

"Mwanangu, darasani, aliniita nani?"

Kile kitu kilimtazama. Akilini Sista alimwona mtoto wake wa kweli wakati huo, alivyosimama kila asubuhi na kukaza midomo asicheke, akajibu kama alivyoagizwa. Alikuwa ameagizwa sana yule mtoto. Alikuwa ametii sana.

"Thelathini na moja," akaita.

"Nipo, Mama. Nipo. Nipo, Mama, nipo—"

"Hayupo."

Kikaurukia mkono wake. Meno yaliyobaki kinywani mwa Kicheko yalifunga kwenye vidole viwili vya Sista na kuvitafuna mpaka mfupa ukaachia, naye hakuuondoa mkono, aliuacha uliwe hapo hapo juu ya daftari na kuusukuma kutoka kushoto kwenda kulia, juu ya ile namba, hadi mwisho wa ukurasa, na mstari ukawa mwekundu kama utaratibu ulivyotaka. Vioo vyote vilivyobaki vikapasuka kwa pamoja. Kiti cha safu ya nne kikachanika katikati kama kuni. Nje ya mlango, kwa sauti za kutetemeka, bila mtu kuwaambia, wasichana wakasema, "Apumzike kwa amani."

Kicheko akaanguka, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Harufu ya udongo ikatoka nje kupitia madirisha.

Kicheko alipona, kwa kiasi ambacho mtu hupona. Msichana aliyetupwa nje alipona pia, akarudi kwao na magongo. Padri alijifunza kubariki kwa mkono wa kushoto. Sista alirudi darasani muhula uliofuata akiwa na vidole vitatu mkono wa kulia, na rula iliyofungwa kwa waya katikati, na wanafunzi wapya wakambandika jina lile lile kana kwamba wamelirithi.

Siku ya kwanza aliita namba zote, akaruka ile moja, akafunga daftari. Hesabu ilikuwa sawa. Akashika chaki.

Nyuma yake, kutoka pale kilipokuwa kiti, sauti yenye mkwaruzo wa asubuhi ikasema, "Mama?"

Kisha ikanyamaza, ikasubiri kwa muda wa pumzi mbili.

Wasichana waliendelea kufungua madaftari. Hakuna aliyesikia. Sista aliuma ulimi, akaandika tarehe ubaoni.

Kesho yake ikaita tena. Na kesho kutwa. Haikupiga mtu, haikuvunja kitu. Iliita tu, kwa mapenzi, mara moja kila asubuhi, ikasubiri. Na kila asubuhi kulikuwa kugumu zaidi kutoitika, maana kuna kitu ndani ya mtu aliyelea mtoto ambacho huitika kabla akili haijaamka.

Leo mchana Sista alikwenda jikoni. Mpishi alikuwa anachambua mchele.

"Unakula au unakagua?" mpishi akauliza.

"Nimekuletea hii." Aliweka mezani kalamu nyekundu na daftari dogo jipya lenye mstari mmoja tu ulioandikwa, nao ulikuwa jina lake mwenyewe. "Asubuhi hii ilikuwa ya thelathini na tisa."

Mpishi aliacha mchele. Hakuuliza ya thelathini na tisa ya nini.

"Kesho saa mbili simama mlangoni mwa darasa langu," Sista akasema. "Ukisikia nimeitika, usiniangalie usoni, na nikikusihi usinisikilize. Ita hilo jina, useme neno lile, upige mstari."

"Na kama ni wewe bado?"

Sista aliusogeza mkono wake wa vidole vitatu, akaifunika kalamu, kisha akaisukuma hadi kwenye kiganja cha mwenzake.

"Usisubiri," akasema. "Hata pumzi moja."