Harufu Ndani ya Gari la Jeremy

Maiti ilikuwa upande wa abiria, na hilo ndilo lililomsimamisha Inspekta Milcah Mukonyo.

Gari lenyewe, Peugeot 504 ya enzi za baba zetu, lilikuwa limebaki kiunzi cheusi kando ya Waiyaki Way, pale Kangemi inapopakana na Mountain View. Wazima moto walikuwa wakikunja mipira yao. Marehemu alikuwa amefunikwa shuka, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlango wa kushoto.

"Huyu ndiye dereva?" Milcah aliuliza.

"Ndiye, Afande," alijibu Konstebo Muthama. "Jeremy Kiarie, mkazi wa Mountain View. Mashahidi wanasema moto ulianzia chini ya boneti. Alitoka akiwa mzima."

"Akaja kufia upande huu?"

"Alikuwa na mwanamke. Mlango wa abiria ulikuwa mbovu, haufunguki kwa ndani. Jeremy akazunguka, akaufungua kwa nje, akainama kumfungua mkanda. Mwanamke akatoka. Yeye, moto ukamzidi."

"Mwanamke ni mkewe?"

Muthama alikohoa. "Ni jirani, Afande. Debra. Amekimbizwa hospitali, mikono imeungua."

Watu waliojaa kando ya barabara walikuwa wamekwisha kutoa hukumu: gari kuukuu, petroli inavuja, ajali. Mama mmoja muuza mboga alisema gari hilo likipita hata sukuma wiki zake zilinuka petroli.

Milcah hakubishana naye. Ila alijua kwamba petroli haivuji bila kuwa na pa kutokea. Akaamua kuifuata harufu.

Harufu ilimpeleka kwanza Kangemi, kwenye gereji ya Dalmas, fundi aliyekuwa akilitengeneza gari hilo. Alimkuta ameketi juu ya tairi, hafanyi kazi.

"Umekuja kunishika, Madam?"

"Kwani umefanya nini?"

"Hiyo gari ni mimi natengeneza. Harufu ikianza, Jeremy ananiletea. Kila mara ni ile klipu inabana mpira wa petroli pale kwa kabureta. Nakaza, inalegea. Nikabadilisha mpira, nikaweka na klipu mpya. Ikalegea tena."

"Pengine ni mtikisiko wa barabara."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini kuna wakati niliiweka hapa karibu wiki nzima, naiendesha kila siku. Haikunuka. Ikaenda kulala kwake, asubuhi ikanuka."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia kuna mtu anacheza na hiyo gari. Akacheka. Akasema inalala ndani ya geti, na milango imefungwa."

Milcah alirudi kituoni, akainama juu ya mabaki ya gari yaliyokuwa yamevutwa hadi hapo, pamoja na mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi. Mpira ulikuwa umeteketea. Klipu ya chuma ilikuwa bado imening'inia kwenye bomba lake, wazi kabisa. Skrubu yake ilikuwa imezungushwa hadi mwisho wa nyuzi.

"Moto unaweza kuifungua hivi?" Milcah aliuliza.

"Moto hauna vidole," mtaalamu alijibu. "Na tazama kichwa cha skrubu. Kimekwaruzwa na kitu chembamba kuliko bisibisi."

Boneti haikuwa na alama ya kubanduliwa. Katika gari lile, kishikio cha kufungulia boneti kilikuwa ndani, chini ya usukani. Aliyelegeza klipu alikuwa na ufunguo.

Nyumbani kwa marehemu, wanawake wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni wakiimba kwa sauti ya chini. Mjane, Wangeci, alikuwa jikoni akikata mkate wa wageni. Walimkataza, hakusikia.

"Pole sana, dada," Milcah alisema.

"Asante."

"Gari lilikuwa na funguo ngapi?"

"Mbili. Moja alikuwa nayo Jeremy. Ingine ndio hiyo kwa msumari."

"Na Debra alikuwa akipanda kila siku?"

Kisu kilisimama katikati ya mkate. "Muulize yeye."

Milcah alikitazama kisu. Ncha yake ilikuwa imejipinda upande, kama kisu kilichowahi kuzungushwa mahali pagumu. Aliomba akichukue. Wangeci akampa bila kuuliza kwa nini, akaendelea kuumega mkate kwa mikono.

Ripoti ya mkemia wa serikali ilisema kwamba kwenye ncha ya kisu kulikuwa na chembe za chuma zinazolingana na zile za klipu, na ndani ya mpini wa mbao kulikuwa na petroli.

Kabla ya kwenda kumkamata mtu yeyote, Milcah alipitia hospitalini. Debra, mwanamke wa makamo aliyeuza mapazia Biashara Street, alikuwa amelazwa, mikono imefungwa bandeji hadi viwiko.

"Nitakuuliza swali la aibu," Milcah alisema.

"Uliza tu. Mtaa mzima umeshajiuliza na kujijibu."

"Ulikuwa na uhusiano gani na Jeremy?"

"Lifti ya kwenda tao, kazini. Na maneno."

"Maneno gani?"

Debra aligeuza uso kuelekea dirishani. Akasema yote, polepole, bila kulia. Milcah alimsikiliza hadi mwisho. Alipotoka nje alisimama kwenye ngazi za hospitali, akatamani kesi hii angepewa mtu mwingine.

Wangeci aliletwa kituoni baada ya mazishi. Aliketi kwenye chumba cha mahojiano na nguo zake nyeusi, mikono juu ya meza.

"Tumepata petroli kwenye kisu chako," Milcah alisema.

"Najua. Niliosha mara nyingi. Haitoki."

"Ulianza lini?"

"Baada ya mvua ndefu. Nilikuwa nasimama kwa dirisha nawaona wakitoka. Nyumbani Jeremy haongei, Madam. Anakula, anasema asante, analala. Lakini akishaketi na yule kwa gari, mdomo unafunguka kabla hata hawajafika kwa geti. Siku moja nikamwona ameshika usukani, anafuta machozi. Mbele yake. Mbele yangu hajawahi."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa namwona Dalmas akishughulika na hiyo klipu. Nikajifunza. Usiku nailegeza kidogo tu. Nilitaka petroli imwingie yule mama kwa nguo, kwa nywele, aende kwa mapazia yake akinuka. Nilitaka achoke ashuke."

"Hakushuka."

"Alifungua dirisha." Wangeci alitabasamu vibaya. "Basi nikasema gari life. Likifa, Jeremy atapanda matatu na mimi kama watu wengine. Nikafungua yote. Nilidhani injini haitashika. Nilidhani atafungua boneti, aone petroli imemwagika, arudi ndani ya nyumba."

"Hukumwonya?"

"Nilisimama kwa dirisha. Injini ikashika. Nikaona wakiondoka wakiongea. Nilikuwa na nafasi ya kupiga simu. Nilishika simu mkononi. Nikajiambia, acha liwazimikie njiani, wapate aibu. Alikuwa ametoka, Madam. Wanasema alikuwa nje, mzima. Akarudi kwa ajili yake. Kwangu angerudi?"

Muthama, aliyekuwa akiandika, aliacha kuandika.

Milcah alikuwa na haki ya kunyamaza. Sheria haikumtaka amwambie mshukiwa zaidi ya hapo. Lakini alimtazama yule mwanamke akaona kwamba angeubeba gerezani uongo ule, kwamba Jeremy alimpenda Debra, na kuulea kama mtoto.

"Debra alizika mtoto zamani," alisema. "Mumeo alilijua hilo. Mwaka jana, ninyi wawili mlipompoteza wenu, alimwendea yeye."

Wangeci aliinua kichwa.

"Hayo ndiyo waliyokuwa wakiongea njiani. Alikuwa anamuuliza Debra: mama aliyefiwa na mtoto huambiwa nini? Alisema kila akitaka kukutajia mtoto anaogopa utavunjika, basi ananyamaza. Alikuwa akilia kwa sababu hakujua namna ya kukufikia."

Nje, mtu alikuwa akibishana na polisi wa zamu kuhusu simu iliyoibwa.

"Debra alimjibu nini?" Wangeci aliuliza.

"Asubuhi ile ya moto alimwambia asimuulize yeye tena. Aende akuulize wewe."

"Na yeye akasema?"

"Akasema atakuuliza jioni."

Wangeci aliivuta mikono yake kutoka mezani, akaikunja kifuani kama mtu anayebembeleza kitu. Milcah alimsogezea Muthama karatasi za maelezo, akamwashiria asubiri kwanza.