Maji ya Nili Ndani ya Mashine

Flashi ilitoka kwenye kompyuta imelowa.

Ladidi aliisogeza dirishani akaitazama. Ulikuwa msimu wa harmatani, vumbi la jangwani limelifunika jiji lote la Kano, midomo ya watu imepasuka kwa ukavu. Maji yangetoka wapi? Tena yalikuwa ya buluu iliyokolea, yakinuka majivu na nili iliyochacha, kama mashimo ya watia nguo rangi kule Kofar Mata.

Akaifuta kwa pindo la mtandio, akaichomeka tena.

Kompyuta ile alipewa na mjomba wake, aliyeitoa katika ofisi iliyojengwa juu ya shimo la nili lililofukiwa zamani. Mfumo wake ulikuwa umeharibika, naye Ladidi, mjane aliyewafundisha wasichana wa mtaa kompyuta katika chumba cha mbele cha nyumba yake, nao wakimwita Malama, yaani mwalimu, alitaka kuiwekea mfumo mwingine, Linux, kutoka kwenye flashi. Kazi hiyo mikono yake iliijua. Lakini mashine iligoma. Kila ikiwashwa iliiruka flashi kana kwamba haipo, ikaenda kwenye diski yake ya zamani na kuganda na kioo cheusi.

Aliijaribu flashi kwenye mashine nyingine, ikawaka vizuri. Akabadilisha tundu. Akaingia kwenye mipangilio, akazima ulinzi unaokataa mifumo migeni, akaiweka flashi mbele ya diski. Alipowasha tena, diski ilikuwa imerudi mbele. "Betri ya ubao inayotunza mipangilio imekufa," alijisemea, akaweka mpya. Diski ikarudi mbele.

Safari hii herufi zilijitokeza kwenye kioo cheusi, moja moja, kama za mtu anayejifunza kuandika: NIMESHAKAA HUMU.

Asabe, mwanafunzi aliyekuwa amesimama nyuma yake, alipiga ukelele uliosikika hadi barabarani. Kabla ya adhuhuri mama za wasichana walikwishakuja kuwachukua binti zao.

Gwaggo Kande, shangazi wa marehemu mumewe, alimleta Malam Bature, mganga wa kutoa majini.

"Mwanangu, kitupe hicho kitu," Gwaggo alinong'ona, uso kaugeuzia ukutani. "Funga na darasa. Wa shimoni hawana mzaha."

"Nifunge, wachekelee wale waliosema msichana na kompyuta wapi na wapi? Sifungi, Gwaggo."

"Punguza sauti! Kinasikia."

"Na kisikie."

Malam alifukiza ubani, akaanza kusoma. Umeme ukakatika. Feni ya dari ikasimama, redio ya jirani ikanyamaza, lakini kioo cha mashine kilibaki kimewaka, na ndani ya kasha kitu kikaanza kuvuta pumzi, polepole, pumzi nzito ya mtu aliyelala chini ya maji, na ile harufu ya nili ikapanda ikaumeza ubani, na maji ya buluu yakachuruzika kwenye mguu wa meza, yakatambaa sakafuni, yakapita viatu vya Gwaggo bila kuvigusa na kwenda moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa Malam, naye akakata kisomo katikati, akainuka.

"Malama, huyu hatoki kwa kisomo changu," alisema kwa sauti iliyokauka. "Ameshapata makao."

"Makao?" Ladidi aliuliza. Akaitazama mashine. "Basi nyumba yake naijua."

Akachukua bisibisi. Gwaggo alimshika mkono, akajinasua. Alipofungua kasha baridi ilimpiga usoni kama ya kisimani, na kutoka humo ikaja sauti aliyoizika miaka iliyopita, sauti ya mumewe, taratibu, yenye huruma: "Ladidi. Niache nipumzike, Ladidi."

Ladidi aliishusha bisibisi. Gwaggo alianza kulia.

Kisha Ladidi akakaza meno. "Mume wangu hakunitaja jina hata siku moja. Alikuwa na haya, kama waume wote wa hapa. Mwongo we! Hata kuigiza hujui."

Akaing'oa diski. Kelele iliyotoka haikuwa ya mtu wala ya mnyama, na kioo kikazimika. Akaifunga diski kwenye kitambaa, akamkabidhi Malam.

"Huyu mrudishe shimoni kwake. Hilo unaliweza?"

Malam aliupokea ule mzigo kwa ncha za vidole, kama aliyeshika ng'e.

Umeme uliporudi, Ladidi aliwasha mashine. Haikuwa na diski ya kukimbilia. Maandishi meupe yakateremka mbio, na Linux ikafunguka kutoka kwenye flashi. Akaweka diski nyingine na kuusimika mfumo mpya.

Asubuhi alikuja Asabe peke yake. Alisimama mlangoni.

"Malama, kimetoka?"

"Sijui," Ladidi alijibu. "Nywila ninayo mimi. Ingia."

Asabe akaketi mbele ya mashine ileile. Hakuwa amegusa kitu mshale ulipoanza kutembea wenyewe kwenye kioo, polepole, ukielekea penye kitufe cha kuzima. Msichana aliutazama ukienda. Kisha akaweka kiganja juu ya kipanya, akaukaza mkono, akauburuta mshale kuurudisha katikati.

"Malama," alisema bila kugeuka, "tulikuwa tumefikia wapi?"