Taa za Upande wa Kushoto

Siku ya mashindano ya soka kule Woodbridge, Marekani, mwaka 2006, uwanja ulijaa moshi wa nyama choma na vigelegele. Jerotich, msichana wa Kericho, alipita katikati ya watu na sweta yake ya njano akitafuta makipa. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa tatu, akimsaidia Profesa Hanley kuchunguza jinsi macho ya kipa yanavyoufuata mpira.

"Kaka, nahitaji macho yako," alimwambia kijana mrefu aliyekuwa akivua glavu.

Lusekelo, Mtanzania wa Mbeya, akacheka. "Wakenya bwana! Na moyo je, hautakiwi?"

"Moyo si idara yetu."

Lusekelo alikuja maabara. Akaja tena hata pasipokuwa na jaribio. Jerotich aliishi Adelphi na shangazi yake muuguzi, wakionana kwa kupishana mlangoni tu. Sasa kila jioni simu ya Lusekelo iliita, na nyumba ikapata sauti.

Ndipo majibu ya jaribio la taa yakatoka. Lusekelo alikosa kila taa iliyowaka upande wa kushoto. Profesa aliyatazama mara mbili, akavua miwani. "Mpigie sasa hivi. Aende kwa daktari wa macho."

Jerotich akapiga. "Mpenzi, jicho lako la kushoto lina shida. Tafadhali nenda hospitali."

"Keshokutwa timu ya kulipwa inanijaribu, nawe unaniletea habari za jicho?"

"Usiende. Mpira ukikupiga..."

"Kumbe mimi nilikuwa panya wako wa maabara!"

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupokelewa. Wala siku zilizofuata. Jerotich akawa anasonga ugali, anaumega kidogo, anauacha upoe. Madirisha ya nyumba za ng'ambo ya barabara yote yalikuwa na watu.

Jumamosi moja simu ikaita.

"Jero." Sauti ilikuwa ndogo. "Nilifungwa mabao ya kushoto, hata sikuyaona. Daktari anasema utando wa ndani ya jicho unabanduka. Watanipasua Jumatatu, lakini lazima awepo mtu wa kunirudisha nyumbani. Amerika nzima hii, sina mtu."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa mwisho kupigiwa?"

"Wewe ndiye wa pekee. Niliona haya."

Jumatatu Jerotich alimkuta hospitalini amelala, bandeji jichoni, mikono yake mikubwa imetulia juu ya shuka. Muuguzi wa zamu akauliza, "Wewe ni nani wake?"

Alitaka kusema rafiki. "Mchumba wake," akasema.

Muuguzi alipotoka, Lusekelo akanong'ona, "Nimesikia."

"Wewe si umelala?"

"Ni kweli, au umesema tu ili wanitoe?" Akajiinua kwa kiwiko. "Ukipa ndio basi, Jero. Sina kingine ila mimi mwenyewe. Utanikubali?"

Jerotich alimfunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akatoa simu, akabonyeza namba za kwao Kericho, ambako watu walikuwa wakila chakula cha jioni, kisha akamwekea sikioni.

"Baba anaitwa mzee Eliudi," akasema. "Muulize yeye."