Joto la Ferguson ya Kijivu

Jua lilikuwa linagusa kilima Colman Hanrahan alipotoka kwenda kununua trekta, dumu la mafuta mkono mmoja, tochi mfukoni, na hasira kifuani.

"Leo?" mkewe, Dympna, alimzuia mlangoni. Alikuwa na tumbo la miezi minane, mkono hauondoki juu yake. "Mkesha wa Mei Mosi? Nani mwenye akili timamu anauza kitu leo? Hata kaa la moto hatumpi jirani. Kinachovuka mpaka leo kinavuka na bahati ya nyumba ilikotoka."

"Vizuri! Nitaichukua na bahati yake yote, mwizi mkubwa yule."

"Colman, si ungoje hata kesho kutwa..."

"Nimengoja miaka kumi na tisa!"

Kando ya moto, mama yake, Hannah, alikuwa anasali rozari. Hakuinua macho. "Liache huko liliko, mwanangu," alisema. "Hilo si la kurudi hapa."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma zaidi. Kwa mama kila kitu ni kuacha tu! Baba yake alipolazwa na kifua, nani alikuja uani? Thady Mulvihill, jirani wa ng'ambo ya kijito, na hadithi yake kwamba yeye na baba walikwisha kupatana bei, wakatema mate viganjani na kupeana mikono kuifunga. Akapanda trekta lao, Ferguson ya kijivu, mchana kweupe. Colman alikuwa na miaka kumi na mitano. Alisimama getini analia kwa uchungu. Na mama? Mama alimwambia mwizi asubiri kidogo alifute trekta vumbi. Akalifuta kwa kitambaa, taratibu, kiti, usukani na kila kitu. Baba akafa bila kuusikia tena mlio wake. Colman hakuwahi kumsamehe mama kwa ule ufutaji.

Na sasa Thady alikuwa ameweka tangazo gazetini. Anauza.

Kwa Thady kulikuwa kimya. Mbwa hakubweka. Mabanda yalikuwa wazi, milango inaning'inia, kwato mbili kavu zimeachwa kwenye matope. Ng'ombe mmoja tu alisimama kwenye kona, mbavu nje, kiwele kimesinyaa, anatazama ukuta.

Halafu ile harufu.

Mayai viza.

Thady alitokea nyuma ya banda. Miaka hiyo yote walikuwa wakionana kanisani kwa mbali, kila mmoja akigeuza uso, na Colman hakujua kama mzee ameisha kiasi kile. Ukifika uani kwa mtu kule husemi kitu kabla ya "Mungu abariki nyumba hii". Thady aliingoja hiyo baraka. Colman akaimeza makusudi.

"Liko wapi?"

"Pale ndani," Thady alinong'ona. "Mimi nitabaki hapa."

Lilikuwepo. Rangi imebabuka, utando wa buibui umefunika usukani, magurudumu ya mbele hayana upepo. Lakini ni lenyewe. Kovu la kwenye bamba la taa, pale baba alipogonga nguzo siku ya ubatizo wa Colman, lilikuwepo bado. Colman hakutaka kulia mbele ya mwizi, kwa hiyo alizidi kukasirika.

"Bei gani?"

"Utakayotaka."

"Usinichezee, mzee. Sema bei tugombane kama watu."

"Nipe chochote. Au usinipe. Sema tu kwamba unalitaka, ulitoe uani kwangu leo. Leo, Colman. Nakuomba."

Colman alikuwa mjuzi wa matrekta ya zamani, na ujanja wa wauzaji aliujua. Mwenye trekta bovu hulipasha moto mnunuzi hajafika, lisije kumwaibisha kwenye kuwashwa. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote aliweka kiganja kwenye injini.

Ilikuwa na joto.

"Aha! Umeliwasha sasa hivi. Hata hili umeona unidanganye?"

"Sijaliwasha tangu mwaka juzi."

"Mwongo wewe!"

"Tazama betri."

Colman akamulika. Mahali pa betri palikuwa patupu, na nyaya zimeliwa na panya. Akafungua tangi. Kavu. Akarudisha kiganja kwenye injini. Joto lilikuwa pale pale, la kadiri, kama la ubavu wa kuku anayeatamia.

Kho.

Sauti ndogo. Ilitoka kwenye kisanduku cha spana.

Kho... kho-kho.

"Usifungue kwa mkono," Thady alinong'ona kutoka mlangoni. "Kuna koleo hapo..."

Nani wa kumwamuru? Colman akakifungua kwa mkono.

Mayai matatu. Yamelazwa kwenye nyasi kavu, yamezungushiwa kitambaa. Kila mtoto wa upande ule anajua maana yake. Ukificha mayai kwa mwenzako, neema yake inakauka na mifugo yake inaoza. Ukiyakuta huyashiki. Unayabeba kwa koleo, unayachoma hapo hapo, na hakuna kitu chochote cha pale kinachovuka mpaka kuja kwako.

Yai la katikati likatikisika. Kho.

Lakini Colman hakuwa anatazama yai. Alikuwa anatazama kitambaa. Maua ya buluu, ncha moja imechanika. Aproni ya mama, ile ile aliyolifutia trekta.

"Nilianza kuyaona mwaka wa pili," Thady alisema. "Nikayatupa kijitoni. Asubuhi yamo. Nikayachoma. Yamo. Padri alikuja akaishia getini, akasema tumbo linamuuma."

"Uliniibia baba yangu akiwa kitandani!"

"Nilimwibia." Alisema wazi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. "Hatukupeana mikono kamwe. Ng'ombe wangu wakafa, nikasema sawa, nastahili. Lakini mke wangu, Peig, alishika mimba nne, Colman, na hakubaki mtoto hata mmoja. Wewe ulisikia kengele za mazishi. Peig aliiba nini?"

Colman akaelewa: mzee huyu hakuwa na bahati ya kupoteza. Nuksi ndiyo aliyobaki nayo, na nuksi hiyo ndiyo aliyotaka ivuke usiku wa leo, iende kwenye nyumba yenye tumbo la miezi minane.

"Ulitaka nimpelekee mke wangu hii? Shetani we! Silitaki! Umesikia? Silitaki trekta lako, lioze humu na wewe!"

Ilikuwa imebaki kuondoka tu. Angeondoka mikono mitupu, yangeishia hapo. Lakini hasira zilikuwa zimepata mtu mpya. Mama! Mama wa rozari! Mama aliyekaa miaka kumi na tisa karibu na moto huku mtoto wake akimdhania mwoga! Alitaka amwekee ushahidi usoni, asipate pa kukanushia. Akakivuta kitambaa kwa nguvu. Mayai yakabingirika kisandukuni. Hayakuvunjika. Yalinyamaza.

Thady alitazama kitambaa mkononi mwa Colman.

"Chukua," alinong'ona. "Hicho ni chenu."

Colman akaruka kijito akitukana. Katikati ya shamba lake alisikia ng'ombe analia nyuma yake, kule kwa Thady. Sauti nzito, iliyojaa, ya ng'ombe mwenye maziwa anayetaka kukamuliwa.

Hakusimama kulifikiria.

Akausukuma mlango, akakitupa kitambaa mezani. "Hiki nini, mama? Hiki nini!"

Rozari ilianguka. Hannah alisimama mpaka kiti kikapinduka. "Umevuka nacho?" Sauti haikutoka vizuri. "Umeuvuka mpaka nacho... leo?"

"Kwa hiyo ni wewe!"

"Nilitaka akauke yeye. Yeye peke yake. Peig sikumkusudia, naapa kwa Mungu... Kichome, Colman! Kwa koleo, haraka, kabla mtu..."

Wote wawili wakageukia meza. Kitambaa hakikuwapo.

Dympna, ambaye hakujua lolote la kitambaa hicho, na ambaye hawezi kuona kitu kimetupwa mezani bila kukikunja, alikuwa amesimama nacho karibu na dirisha. Alikuwa amekikunja vizuri na kukilaza juu ya tumbo lake.

"Kina joto," alisema. Alikuwa anatabasamu. "Jamani, hebu mtulie na kelele zenu. Mtoto leo mchana kutwa hakucheza, nilishaanza kuogopa. Sasa ameamka. Njoo umsikie, Colman. Lete mkono."

Akauchukua yeye mwenyewe mkono wa Colman, akauweka tumboni.

Colman alisikia chini ya kiganja. Joto la kadiri.

Kho.

Kho... kho-kho.