Barua ya Delphia kwa Baraza

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa maziwa, Delphia Rourke alipanda juu ya kiti cha jikoni na kurarua pingili moja ya mnyororo wa karatasi uliotundikwa dirishani. Pingili moja, siku moja. Mama yake, Sajenti Joanne, fundi wa helikopta za jeshi, aliutengeneza mwenyewe kabla ya kupelekwa ng'ambo. Asubuhi hiyo zilibaki pingili mia moja na arobaini.

"Shuka, utanivunjikia mguu," alisema Bibi Loretta. "Hata ukizitazama vipi, hazipungui mbili kwa siku."

"Najua, Bibi. Nazihesabu tu."

Bellamy ulikuwa mji wa tatu kwa Delphia ndani ya miaka minne, maana jeshi likimhamisha mama, binti naye hufunga virago. Wenzake darasani walijuana tangu chekechea. Hawakumchokoza wala kumtukana. Hawakumwona tu. Saa ya chakula cha mchana alikaa meza ya mwisho karibu na pipa la taka, akatafuna mkate wake wa siagi ya karanga taratibu ili usiishe upesi akabaki hana la kufanya. Upweke ni uvundo, walisema wahenga.

Siku moja mwalimu aliwaambia wanafunzi waliandikie baraza la kaunti kuomba jambo lolote. Wengi waliandika mistari mitatu kuhusu uwanja wa mpira. Delphia alijaza kurasa mbili. Aliomba afungiwe utepe wa manjano kwenye mti ulio mbele ya nyumba yao, kama wafanyavyo watu wanaomngojea mwanajeshi. Akaandika mtaa, namba ya nyumba na namba ya simu. Akaandika jina la mama, kikosi chake na siku atakayorudi. Akaeleza kwamba nyumbani wako yeye na bibi tu, na kwamba bibi hulala kila alasiri. Hata paka wao Biskuti alimtaja, paka waliyemwokota mwezi uliopita na kumficha mama ili akirudi ashangae.

Utepe ulikuwa kisingizio tu, jamani. Mtoto yule alitaka mtu ajue kwamba yupo.

Wiki tatu zikapita bila jibu. Kisha alasiri moja, Bibi akiwa amelala, simu ya jikoni ililia.

"Wewe ndiye Delphia?" Sauti ya mwanamume, laini. "Napiga kutoka kikosi cha mama yako. Pole sana, binti. Mama ameumia."

"Ameumia wapi? Yuko hai?"

"Yuko hai, lakini daktari hawezi kumtibu mpaka tupate namba yake ya utambulisho na tarehe yake ya kuzaliwa. Angalia kwenye karatasi zake. Na usimwamshe bibi, moyo wa mtu mzima haustahimili habari kama hizi."

"Nitajuaje kama ni kweli?"

"Mama yako huwa ananisimulia habari zenu. Biskuti hajambo?"

Mtu huyo anamjua hadi paka! Delphia akakimbilia kabati la mama, machozi yakimtiririka, akavuta kisanduku cha karatasi. Kisanduku kikamponyoka na kuanguka kwa kishindo.

Bibi Loretta akatokea mlangoni, nywele timutimu. "Kuna nini humu?"

Delphia alikumbuka onyo la yule mtu. Alimtazama bibi, akashindwa kuubeba mzigo ule peke yake. "Mama ameumia!" akaangua kilio, akaeleza yote.

Bibi alikuwa mke wa mwanajeshi kwa miaka ishirini na miwili. Hakulia. Alikwenda jikoni akachukua simu iliyokuwa bado hewani.

"Wewe bwana! Namba ya utambulisho alipewa na jeshi lenyewe. Leo jeshi limeisahau, linakuja kumwuliza mtoto? Huna haya!"

Simu ikakatwa upande wa pili. Bibi akapiga kambini, ofisi ya familia za wanajeshi. Walikaa wameshikana mikono kwa nusu saa, na hiyo ndiyo nusu saa ndefu kuliko zote ambazo Delphia amewahi kuishi. Hatimaye wakajibiwa: Sajenti Rourke yuko kazini, mzima wa afya.

Bibi akashusha pumzi. "Sasa niambie. Nilijaza fomu kwenye kaunti ili nyumba hii isionekane kwenye daftari la ardhi, ambalo yeyote huweza kulisoma. Nimekukataza kumwambia mtu kwamba mama hayupo. Mtu huyu amemjuaje Biskuti, wakati hata mama yako hamjui?"

Delphia angeweza kusema hajui. Aliinamisha kichwa. "Niliandika mimi, Bibi. Kwenye barua ya baraza."

"Ala! Kumbe." Bibi akachukua mkoba wake. "Umesema kweli, na hilo limeniokolea kazi. Vaa viatu."

Katika ofisi ya kumbukumbu za kaunti waliketi mbele ya Bi. Odessa Pruitt, karani mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, wakamweleza yaliyotokea. Aligeuza kompyuta yake, na barua ikaonekana yote, hadi moyo mdogo aliouchora Delphia pembeni.

"Barua yoyote iliyoandikwa kwa baraza ni mali ya umma," alisema. "Tunaiweka hapa mtandaoni ili wananchi waone mambo yao yanavyoendeshwa. Hilo ni jema. Lakini sheria yetu inaruhusu familia za wanajeshi kuomba anwani, simu na habari za safari zifichwe. Hii ingepaswa kukaguliwa kabla ya kuwekwa. Sisi nasi tumekosa, mama. Samahani."

Bibi alitia saini ombi. Bi. Odessa akachapisha barua, akampa Delphia kalamu ya wino mweusi. "Tuonyeshe ya kuficha, nami nitayafuta humu."

Delphia akafunika namba ya nyumba, simu, kikosi, siku ya kurudi. Mstari baada ya mstari ukawa mweusi. Kalamu ikasita.

"Nikifuta yote, nani atajua kwamba nipo?" aliuliza.

Bi. Odessa aligusa karatasi kwa kidole. "Soma kilichobaki, mwanangu."

Kilichobaki kilikuwa mstari mmoja: *Tafadhali tufungieni utepe, namkumbuka mama yangu sana.*

"Hicho kila mtu anaweza kukijua," alisema Bi. Odessa. "Mahali unapolala ni pa wanaokupenda. Ukiwa mpweke, mwambie mtu aliye mbele yako, usiiambie dunia nzima. Dunia ina watu wema, na ina watu kama yule wa simu."

Jumatatu iliyofuata Delphia alipita uwanja wa mahakama akienda shule. Alisimama ghafla. Baraza lilikuwa limefunga utepe wa manjano kwenye kila mti wa uwanja ule, miti yote thelathini na miwili, hivi kwamba hakuna mpita njia ambaye angejua utepe ni wa nyumba gani.

Alijua yeye. Akagusa mti wa kwanza, akaendelea na safari yake ya shule.