Diski Iliyopindwa Meno

Hivi wewe, mumeo akikuambia kitu kimekufa, unaamini?

Fundi hakuamini. Kazi yake kibandani ilikuwa kupokea kompyuta ambazo wenyewe wameshazililia, kuzirudisha zikiwa nzima, kisha kununiwa kwamba amechelewa. Kwa hiyo mumewe aliposema diski ya marehemu mkewe wa kwanza, ile ya kwenye droo, imekufa, "iache tu, haina kitu," Fundi aliitikia "haya," akaendelea kutafuta bisibisi.

Alikuwa amechoka. Kutwa anahangaika na mashine za watu, na akirudi nyumbani binti wa kambo hambanduki: "Mama mdogo, picha za mama utanitolea lini?" Mama yake alifariki yeye hajaanza shule, na sasa hata sura yake ilikuwa inamtoka kichwani.

Basi siku ya mapumziko, mchana, Fundi akaifungua kompyuta kuukuu ya sebuleni. Ilikuwa ya kipindi cha mpito, yenye matundu ya aina mbili: huku waya mpana, bapa kama mkanda, wa diski za kale, huku waya mwembamba wa diski za siku hizi. Kuziweka zote mbili si uchawi. Unaiambia tu mashine ipi iamke kwanza. Aliipa nafasi hiyo diski mpya. Ya marehemu ingefuata nyuma kama mgeni, isomwe, picha zitolewe, kazi iishe.

Tatizo lilikuwa meno. Diski za kale zina safu za vijiti vyembamba kama sindano, na vya hii vilikuwa vimelazwa vyote upande mmoja. Alama za koleo zilionekana wazi.

"Watu hawana adabu na vifaa," Fundi aliguna. Akachukua kibanio, akavinyoosha kimoja kimoja, kwa ustadi ambao angependa mtu auone.

Akaichomeka, lakini mashine ikaamka na diski ya marehemu badala ya ile mpya. Akazima, akapanga upya, akawasha. Ya marehemu tena. Ndipo ikamjia harufu ya nywele mbichi, za mtu aliyetoka kuoga sasa hivi, na nyumba nzima hakuna aliyeoga. Diski yenyewe mashine ilidai imejaa pomoni. Aliifungua, hakukuta hata picha moja.

Tangu siku hiyo binti akawa haondoki mbele ya kioo cheusi cha kompyuta. Chakula anasogeza pembeni. Mikono baridi.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Mama. Anasema nisile, niwe mwepesi."

"Mwepesi wa nini?"

"Wa kubebwa."

Fundi aliinuka. Aliung'oa ule mkanda, akang'oa na waya wa umeme, akaitoa diski na kuelekea nayo mlangoni, nayo mkononi ilikuwa ya moto kama kifaranga, inagonga tik, tik, bila umeme wowote, na harufu ya nywele ikamfuata hadi kooni, na nyuma yake kioo kisicho na waya kikawaka, na binti, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya mwanamke mzima, sauti iliyochoka kuliko hata ya Fundi mwenyewe: "Usinirudishe kwenye droo."

Mume alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Mfuko ulimponyoka. Hakuuliza ni nani anayesema, na hilo Fundi aliliona, akaagiza mganga aitwe.

Mganga aliishi mtaa wa pili, mama mnene mwenye magoti mabovu. Alifika anahema, akaomba kiti, akamtazama binti kwa kitambo.

"Huyu si marehemu," alinong'ona. "Marehemu amepumzika, heri yake. Huyu ni jini, ameivaa sauti tu."

"Mtoe basi, mama."

"Mgeni wa kualikwa simtoi mimi, mwanangu. Aliyemwita aseme mbele yake alimwita kwa ahadi gani. Akificha, mtoto hainuki hapo."

Fundi akamgeukia mumewe. "Yale meno uliyapinda wewe."

Mume akajikalisha sakafuni taratibu, kama mtu aliyetua mzigo mahali pasipo pake.

"Alikuwa analia, kila siku anamtaka mama yake," alisema. "Mimi nimefiwa, sina usingizi, sina maneno. Nikaenda kwa mtu. Akanitilia huyo mle ndani ya diski, awe anamwimbia. Akaimba, mtoto akanyamaza. Nikapumua. Baadaye akaanza kudai. Ndiyo nikamfunga."

"Kudai nini?"

Mkononi mwa Fundi diski iliacha kugonga, kana kwamba nayo inasikiliza.

"Sema, baba," mganga alihimiza. "Umeshachelewa vya kutosha."

"Aliuliza ujira wake. Nikatazama chumba kizima, sina cha kumpa." Mume aliyasema maneno yaliyobaki akiyaelekeza sakafuni. "Nikamwambia mlee tu. Akikua, ni wako."